Jipu Likirudi

Jipu la kwapani likitumbuliwa Jumatatu katika kliniki yoyote ya Marekani, kabla usaha haujakauka kwenye shashi huwa limeshapata namba: 10060. Namba hiyo inasema kwamba jipu lilikuwa moja, la kawaida, likapasuliwa na kukamuliwa. Kama yangekuwa kadhaa, au kama lingekuwa gumu la kuhitaji kazi ya ziada, lingeandikwa 10061 na bei ingepanda. Hadi hapo mambo ni mepesi. Shughuli inaanza jipu likirudi.

Likirudi Alhamisi ya wiki hiyohiyo, na daktari yuleyule akalifungua tena kwenye chumba chake cha matibabu, kwa mgonjwa mwenye Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kazi hiyo ya pili haina malipo hata senti moja. Likirudi siku ya kumi na mbili, inalipwa yote upya. Likirudi Alhamisi lakini mgonjwa akapelekwa chumba cha upasuaji, inalipwa kipande. Akikimbilia idara ya dharura ya hospitali nyingine usiku wa Jumamosi, daktari wa huko analipwa kamili, na hospitali inadai ada yake juu. Na likichomoza jipu jingine kwapa la pili, malipo ni kamili hata kama ni siku ya tatu tu. Kisu ni kilekile, ganzi ni ileile, dakika ni zilezile. Kinachobadilika ni tarehe, chumba, na maneno machache aliyoyaandika daktari kueleza mgonjwa amerudi kwa nini.

Watu wetu wengi walioko Ohio, Kentucky, Texas au Minnesota hupokea bili ya namna hii bila kujua kwamba nyuma yake kulikuwa na uamuzi. Wanaiona kama bili ya umeme: mita imesoma, lipa. Lakini kwenye upasuaji mdogo unaorudiwa, anayesoma mita ni mtu, ameketi ofisini na faili mbele yake, na anachokilipisha hasa ni sababu ya kurudi. Sababu ikiandikwa vibaya, bili inatoka vibaya, na haitajirekebisha yenyewe.

Namba hizi zina mwenyewe. Orodha ya misimbo ya huduma, inayojulikana kwa kifupi chake CPT, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1966 na Chama cha Madaktari cha Marekani, na hadi leo hakimiliki ni ya chama hicho. Hospitali, kampuni za bima na watengenezaji wa programu hulipia leseni ili waitumie. Mwaka 1983 serikali iliichukua kwa ajili ya Medicare, iliyoanzishwa mwaka 1965. Baadaye sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 ikazaa kanuni zilizoifanya kuwa ya lazima kwa madai ya kielektroniki nchi nzima. Maana yake mgonjwa anayetaka kuielewa bili yake anasoma maandishi ambayo ni mali ya chama cha hao waliomtibu. Mimi naona hilo ni jambo la ajabu, ingawa wanaoishi ndani ya mfumo huo wameshalizoea.

Ugonjwa wenyewe una namba zake nyingine, zilizotokana na orodha ya Shirika la Afya Duniani. Wamarekani waliipanua kwa matumizi yao, wakaanza kutumia toleo lao la kumi tarehe 1 Oktoba 2015, na sasa lina misimbo zaidi ya 70,000. Wakati ule magazeti yalicheka sana kwamba hata kuumwa na kasuku kumepewa namba. Lakini ndani ya utitiri huo kuna kitu cha maana kwa mgonjwa wetu: jipu la kwapa la kulia ni L02.411, la kushoto ni L02.412. Tarakimu hiyo ya mwisho peke yake yaweza kuthibitisha kwamba jipu la pili halihusiani na la kwanza.

Bei nayo ilipata mpangilio wake tarehe 1 Januari 1992. Profesa William Hsiao wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walikuwa wamefanya kazi ya kupima jasho la daktari katika kila huduma: muda, ujuzi, mkazo wa akili, hatari. Kutokana na kazi hiyo kila msimbo ulipewa pointi, na pointi huzidishwa kwa dola. Mwaka 2025 pointi moja ya Medicare ilikuwa na thamani ya dola 32.35 hivi. Ndani ya mpangilio huohuo, kila upasuaji ulifungwa kwenye kifurushi chenye siku zake.

Vifurushi viko vya aina tatu: cha siku 90 kwa upasuaji mkubwa kama kubadilisha goti, na vya siku 10 na siku 0 kwa upasuaji mdogo. Jipu lina siku 10. Chunjua zikichomwa au kugandishwa, siku 10. Uvimbe wa ngozi ukikatwa, siku 10. Sindano ya goti ina siku 0, vivyo hivyo kuondoa nyama iliyokufa kwenye kidonda. Ukucha una vituko vyake: ukiung'oa tu ni siku 0, lakini ukiuua na mzizi wake usiote tena ni siku 10, hata kama kidole ni kilekile na aliyekaa kitandani ni yuleyule.

Kifurushi kinabeba uamuzi wa kupasua uliofanywa siku hiyo, ganzi aliyoichoma daktari mwenyewe, kazi ya kisu, kufunga kidonda, kutoa nyuzi, na ziara za kukaguliwa ndani ya siku zilizowekwa. Ni sawa na bando la simu. Fedha imeshakatwa mwanzoni, na usipopiga simu hata moja hadi muda ukaisha, hakuna wa kukurudishia dakika zako. Nitalirudia bando hili mbele kidogo, maana Serikali ya Marekani yenyewe ilikuja kushtuka kwamba wengi hawalitumii.

Kwanza tuhesabu siku, kwa sababu hapa hata wataalamu wa misimbo wenye vyeti hujikwaa. Kifurushi cha siku 10 kina siku 11: siku ya upasuaji, kisha kumi zinazofuata. Cha siku 90 kina siku 92, kwa kuwa huanza siku moja kabla. Jumamosi na Jumapili zimo, na sikukuu zimo. Jipu lililotumbuliwa Jumatatu tarehe 3 linabaki ndani ya kifurushi hadi Alhamisi tarehe 13 iishe. Ijumaa tarehe 14 mlango umefunguka, na kila kitu kinaweza kudaiwa upya. Kliniki inayokupa miadi ya kurudi Ijumaa hiyo badala ya Alhamisi huenda haina nia mbaya hata kidogo, lakini tofauti ya siku moja imekugharimu ziara nzima. Ukipangiwa ukaguzi, hesabu kwa vidole kabla ya kuitikia.

Daktari akitaka kulipwa kwa kazi iliyofanyika ndani ya siku hizo, lazima aieleze kompyuta ya bima kwa nini hii si sehemu ya ile ya kwanza. Maelezo hayo hubanwa kwenye alama ya herufi au tarakimu mbili inayofuata msimbo. Fomu ya madai ina nafasi ya alama nne kwa kila mstari. Hapa nitaziita viambata. Dai likienda bila kiambata, kompyuta inaona msimbo uleule, daktari yuleyule, siku chache zimepita, na inalitupa nje. Likirudi na alama ya CO-97, maana yake huduma hii imeshalipwa ndani ya nyingine. Likirudi na OA-18, maana yake umetuma dai lilelile mara mbili.

Wanaojifunza fani hii ya misimbo hukimbilia kiambata 76, kwa sababu maelezo yake yanataja kurudiwa kwa huduma na daktari yuleyule. Kina ndugu yake, 77, kwa huduma iliyorudiwa na daktari mwingine. Mtu anaona upasuaji umerudiwa, anaona 76, anakibandika, anatuma, anasubiri hela. Dai linakataliwa tena. Kiambata 76 kinafaa pale huduma ileile inapofanyika tena, mara nyingi siku ileile, kama eksirei ya kifua ya asubuhi na nyingine ya jioni, ili bima isidhani ni karatasi moja iliyotumwa mara mbili. Ufunguo wa kifurushi hakina. Funguo za kifurushi ni tatu, 58, 78 na 79, na kila moja inajibu swali lake kuhusu sababu ya kurudi.

Kiambata 79 ndicho chepesi kuliko vyote. Kinasema: hili ni jambo jingine kabisa. Kwapa la kulia lilipasuliwa Jumatatu, Alhamisi limetoka jipu kwapa la kushoto. Malipo kamili, na kifurushi kipya kinaanza kuhesabu siku zake. Lakini daktari akiandika tu "jipu la kwapani" bila kutaja upande, mtaalamu wa misimbo hana la kusimamia. Mgonjwa naye ana nafasi yake hapa: ukimweleza daktari au mkalimani, taja upande, taja kwamba la kwanza limepona, na hakikisha yameandikwa.

Kiambata 58 ni cha hatua iliyotarajiwa. Kinafaa upasuaji wa pili uliopangwa tangu mwanzo, au uliozidi wa kwanza kwa ukubwa, au wa tiba uliofuata ule wa uchunguzi. Mfano wake bora ni doa la ngozi. Daktari amekata doa pamoja na ukingo wa ngozi nzima pembeni. Maabara inajibu kwamba ni saratani na seli zake zimefika hadi kwenye ukingo. Mgonjwa anarudi siku ya nane, anakatwa kwa upana zaidi. Hakuna aliyekosea. Huduma ya pili inalipwa kamili kwa kiambata 58, na kifurushi kinaanza upya. Kama maabara ingejibu papo hapo, na ukataji wa pili ukafanyika mgonjwa akiwa bado kitandani, ungekuwa msimbo mmoja tu, kwa kipimo cha ule mkato mpana zaidi. Kipimo chenyewe kinachukuliwa kabla kisu hakijagusa ngozi, kwa sababu ngozi ikishakatwa husinyaa, na sentimita zinazopotea hupotea na fedha zake. Daktari mzembe anayeacha maabara impimie anajipunguzia malipo kwa mkono wake mwenyewe, na kwa hilo simwonei huruma.

Kwa nini kupanga kunahesabika sana? Kwa sababu maneno "nitalifungua tena baada ya siku tatu" yakiandikwa siku ya kwanza ni mpango wa tiba. Maneno hayohayo yakiongezwa kwenye faili baada ya dai kukataliwa ni udanganyifu. Marekani ina sheria dhidi ya madai ya uongo tangu mwaka 1863, zama za Rais Lincoln, ilipotungwa kuwabana waliokuwa wakiliuzia jeshi la serikali bidhaa mbovu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Leo inatumika sana hospitalini. Fidia yake ni mara tatu ya hasara, pamoja na faini kwa kila dai, na anayetoa siri anaweza kupata kati ya asilimia 15 na 30 ya kitakachorejeshwa. Ndiyo maana mtaalamu wa misimbo mwenye akili hamwambii daktari aandike nini. Anamuuliza swali lililo wazi, kwa maandishi: upasuaji wa tarehe 6 ulikuwa na uhusiano gani na ule wa tarehe 3? Halafu ananyamaza, anasubiri.

Sasa tufike kwenye 78, ambako ndiko ugomvi mwingi uliko. Hiki ni cha kurudi kusikopangwa, kwa tatizo lililotokana na upasuaji wa kwanza: kidonda kimetoa damu, usaha umejikusanya tena, mshono umeachia. Malipo yake si kamili. Inalipwa sehemu ya kazi ya kisu tu, bila maandalizi wala ukaguzi wa baadaye, na kifurushi kipya hakianzi. Siku za kile cha zamani zinaendelea kuhesabika. Tena kuna sharti: mgonjwa awe amerudishwa chumba cha upasuaji.

Medicare imekieleza chumba hicho kwa makini. Ni mahali palipotengwa, palipo na vifaa na watumishi kwa kazi ya upasuaji pekee. Chumba cha leza kimo, na chumba cha kupitisha kamera tumboni kimo. Kitanda cha wodini hakimo. Chumba cha kuamkia baada ya usingizi hakimo. Na kile chumba kidogo cha matibabu kilichomo karibu kila kliniki, chenye meza, taa na kabati la shashi, hakimo. Chumba cha wagonjwa mahututi kinakubaliwa pale tu ambapo hali ni mbaya kiasi kwamba hakuna muda wa kumhamisha mgonjwa.

Tazama kinachotokea. Daktari aliyejitahidi akamaliza tatizo la jipu lililorudi kwenye chumba chake kidogo, kwa dakika kumi na tano na shashi mbili, halipwi. Aliyempeleka mgonjwa huyo chumba cha upasuaji analipwa sehemu, na hospitali inadai gharama za chumba, za dawa ya usingizi na za watumishi. Kanuni iliyotungwa ili kuzuia madai ya mara mbili inamwadhibu anayetibu kwa gharama nafuu. Sisemi madaktari wanawapeleka watu kwenye taa kubwa kwa ajili ya hela. Nasema kanuni haimsaidii yule anayejizuia.

Tena kanuni yenyewe si moja. Medicare inahesabu kwamba matatizo yote yasiyohitaji chumba cha upasuaji yamo ndani ya kifurushi. Chama cha Madaktari, mwenye misimbo, kinasema kifurushi kinabeba ukaguzi wa kawaida tu, na tatizo lisilo la kawaida linaweza kudaiwa peke yake. Kampuni za bima za watu binafsi zimegawanyika: nyingine zinafuata Medicare, nyingine zinafuata chama, nyingine zina waraka wao. Wagonjwa wawili wa daktari mmoja, jipu lao likirudi siku moja, mmoja hadaiwi kitu na mwingine anadaiwa, na bili zote mbili ni halali. Ukisikia jirani yako hakulipa, usichukulie kwamba umeibiwa. Uliza kwanza bima yako inafuata kanuni ya nani.

Na "daktari yuleyule" maana yake ni nani? Kwa Medicare, madaktari wa kundi moja na fani moja ni mtu mmoja. Kubadilishiwa daktari ndani ya kliniki hakufungui kifurushi. Kwenda kwingine kunakifungua. Hapo ndipo wanaofanya kazi za zamu wanapoumia. Mtu anayepakia mizigo ghalani usiku, au anayetunza wazee kuanzia saa kumi na moja jioni, hapati nafasi ya kurudi kliniki saa nne asubuhi. Kidonda kikimuuma Jumamosi usiku anaingia idara ya dharura iliyo karibu. Madaktari wa pale hawana kifurushi chochote na yeye. Wanafungua jipu, wanaandika 10060 bila kiambata, na wako sahihi kabisa. Kazi iliyokuwa imeshalipwa kwingine inalipwa mara ya pili. Kabla ya kuondoka kliniki siku ya kwanza, uliza namba ya simu ya daktari wa zamu baada ya saa za kazi. Huenda isisaidie. Ikisaidia, imeokoa mamia ya dola.

Chunjua zina hesabu yake. Msimbo 17110 unagharimia kuziua chunjua kuanzia moja hadi kumi na nne. Ziwe mbili, ziwe kumi na tatu, dai ni moja na hesabu yake ni moja. Zikifika kumi na tano unatumika 17111, nao mara moja. Tangu mwaka 2007 Medicare imekuwa na vichujio vya kompyuta vinavyokataa idadi isiyoingia akilini, na kwa msimbo huu kikomo ni moja kwa siku. Kwa hiyo bili inayoonyesha 17110 mara sita kwa sababu ulikuwa na chunjua sita ina kosa, na kosa hilo unaweza kulionyesha kwa kidole bila kujua lolote la udaktari.

Lakini chunjua haziondoki mara moja. Nitrojeni ya baridi kali hurudiwa, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili hadi nne. Wiki mbili ni siku kumi na nne, na kifurushi kimekwisha. Kila ziara inadaiwa kamili, kihalali. Sababu ya kitabibu ya kusubiri wiki mbili ipo: ngozi lazima ipumzike. Ila mgonjwa mwenye bima yenye kiwango kikubwa cha kujilipia kwanza anafikiri amelipia matibabu ya chunjua, kumbe amelipia duru ya kwanza. Swali la kuuliza siku ya kwanza ni moja: kwa kawaida huchukua duru ngapi, na kila duru inadaiwa peke yake?

Vidonda sugu viko kwenye ncha ya pili kabisa. Kuondoa nyama iliyokufa chini ya ngozi ni 11042 kwa sentimita 20 za mraba za kwanza, kisha 11045 kwa kila sentimita 20 zinazoongezeka. Kifurushi chake ni siku 0, kwa hiyo kila wiki ni dai jipya. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari kinahitaji kazi hiyo kweli, tena na tena. Lakini panapolipwa kila mara, pana wa kurudia bila sababu. Jambo la karibu yake ni viraka vya kutengenezwa vinavyobandikwa juu ya vidonda. Malipo ya Medicare kwa viraka hivyo yalitoka dola milioni 252 mwaka 2019 hadi zaidi ya bilioni 10 mwaka 2024. Wagonjwa hawakuongezeka mara arobaini. Mwaka 2024 waendesha mashtaka waliwafikisha mahakamani mume na mke wa Phoenix, Arizona, kwa madai ya uongo ambayo jumla yake ilikuja kuzidi dola bilioni moja, ambamo viraka vilibandikwa kwa wazee waliokuwa wakihudumiwa siku zao za mwisho. Wote wawili walikiri kosa.

Nirudi kwenye bando. Mwaka 2014 Serikali ya Marekani ilitangaza mpango wa kuvifuta vifurushi vya siku 10 na 90, kila upasuaji uwe wa siku 0 na kila ziara ilipiwe inapofanyika. Bunge likauzuia mwaka 2015, likaagiza takwimu zikusanywe kwanza. Kuanzia Julai 2017 madaktari wa makundi yenye watu kumi au zaidi katika majimbo tisa, Ohio na Kentucky yakiwemo, walitakiwa kuandika ziara za ukaguzi kwa msimbo 99024, usio na malipo. Taasisi ya utafiti ya RAND ikachambua. Kwa upasuaji wa kifurushi cha siku 10, ni asilimia 4 tu iliyokuwa na ziara yoyote iliyoandikwa. Madaktari walijibu kwamba wengine hawakuwa wakiandika kwa sababu hakuna malipo, na hoja hiyo ina uzito kiasi. Hata hivyo asilimia 4 ni 4. Bei ya jipu ina ndani yake ziara ambayo kwa sehemu kubwa haifanyiki, na anayechangia bei hiyo ni pamoja na mgonjwa mwenyewe, ambaye kwa Medicare hulipa asilimia 20 baada ya kujilipia kiasi cha kwanza cha mwaka, kilichokuwa dola 257 mwaka 2025.

Kwa hiyo idai ziara hiyo. Una siku 11 ambazo umeshazilipia. Kidonda kikikutia shaka siku ya sita, piga simu, rudi, kikaguliwe. Angalia tu kama kliniki yako ni ya hospitali, maana kifurushi kinamfunga daktari na hakiifungi hospitali. Yeye asipodai ziara, hospitali yaweza kudai ada ya jengo. Uliza hilo kwenye simu, kabla ya kuwasha gari.

Bili ikifika, usiilipe siku hiyo. Subiri taarifa ya bima inayoeleza malipo, uziweke karatasi mbili pamoja. Kwenye taarifa hiyo tafuta herufi zilizotangulia namba ya sababu. Zikiwa CO, mtoa huduma aliye ndani ya mkataba wa bima ndiye anayebeba kiasi hicho na hatakiwi kukugeuzia wewe. Zikiwa PR, hilo ni lako. Watu wengi wamelipa CO-97 kwa sababu tu hospitali ilituma barua yenye maandishi mekundu. Kisha omba bili yenye mchanganuo wa misimbo na viambata, pamoja na maandishi ya daktari ya siku zote mbili. Ni haki yako kuyapata. Linganisha tarehe, upande wa mwili, na sababu ya kurudi. Kama daktari ameandika jambo moja na bili inasema jingine, omba dai lipitiwe upya.

Kama huna bima, au unajilipia mwenyewe, tangu tarehe 1 Januari 2022 mtoa huduma lazima akupe makadirio ya gharama kwa huduma iliyopangwa, na bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi unaweza kuipinga rasmi. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kuwa na sera ya msaada kwa wenye kipato kidogo, na zikubali maombi hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza. Na kliniki au hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bila malipo, kwenye ofisi ya bili kama ilivyo kwa daktari. Piga simu, sema unataka mkalimani wa Kiswahili, taja tarehe ya upasuaji wa kwanza na ya pili, kisha uliza ni kiambata gani kilichotumika na kwa nini. Usitume mtoto wako akutafsirie. Ukiwa na Medicare na dai likakataliwa, rufaa ya kwanza ina siku 120 tangu upokee taarifa. Iandike mapema, ubaki na nakala.